Kutafuta Maji ya Ardhini Jangwani kwa Umeme na Kemia: Mwongozo Kamili

Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba chini ya nchi kavu ya Turkana kuna hazina kubwa ya maji, sehemu kubwa yake ikiwa Lotikipi. Makadirio yaliyotajwa yalikuwa mita za ujazo bilioni 250. Visima vya majaribio vilivyochimbwa baadaye Lotikipi vikatoa maji yenye chumvi iliyopita kiwango cha kunywa. Maji yalikuwepo, lakini hayakuwa ya kunywa.

Mwongozo huu ni wa mafundi na maofisa wa maji wanaotakiwa kusema, kabla mtambo wa kuchimba haujafika, kama pale chini kuna maji na kama yatanyweka. Mifano mingi tumeielekeza kwenye akwifa (tabaka la ardhini linalobeba maji) ya Merti, kaskazini mashariki mwa Kenya. Hayo ni matabaka ya mchanga, changarawe, mfinyanzi na chokaa yanayofuata njia ya Ewaso Ng'iro kupitia kinamasi cha Lorian, Habaswein na Dadaab hadi Liboi, kisha yanavuka mpaka kuingia Somalia. Katikati ya ukanda huo maji ni matamu. Ukielekea pembeni, chumvi inapanda, na juu ya ardhi huoni dalili yoyote ya mahali mpaka ulipo.

Umeme peke yake hautoshi

Mashine ya ukinzani hupitisha mkondo ardhini kwa vigingi viwili na kupima volteji kati ya vigingi vingine viwili. Matokeo ni ukinzani wa ardhi, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, kwa ohm-mita. Mchanga uliojaa maji hupitisha umeme kupitia maji yaliyomo, si kupitia chembe zake, kwa hiyo ukinzani wa tabaka ni ukinzani wa maji yake ukizidishwa na namba inayotokana na nafasi zilizo kati ya chembe. Kwa mchanga safi usio na mfinyanzi kizidishi hicho huwa takriban 3.5 hadi 5.

Ukinzani wa maji unaupata kwa kugawanya 10,000 kwa EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme kwa mikrosimensi kwa sentimita (µS/cm). Maji ya EC 1,000 yana ukinzani wa 10, na kwa kizidishi cha 4 mchanga wake utasoma 40. Maji ya EC 5,000 yana ukinzani wa 2, na mchanga uleule utasoma 8. Mfinyanzi usiotoa hata ndoo moja ya maji nao husoma kati ya 2 na 10. Kwa hiyo ukiona 8 kwenye mashine huwezi kujua kama umekuta mfinyanzi au mchanga wa maji ya chumvi. Na ukiona 20 au 25, huwezi kujua kama hayo ni maji mazuri au ni mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi wenye maji ya wastani. Namba ya mashine haina maana mpaka ujue EC ya maji ya eneo hilo. Ndiyo sababu tunashauri uanze na chupa za sampuli, nyaya zifuate.

Hatua ya 1: Pima visima vilivyopo

Orodhesha kila kisima kirefu, kisima cha mkono na chanzo kingine ndani ya kilomita 20 hadi 30. Kwa kila kimoja andika majira ya GPS, mwinuko, kina cha kisima, kina cha maji, mahali mabomba yenye matundu yalipowekwa, EC, pH na halijoto. Ripoti ya uchimbaji ikiwa na maelezo ya matabaka, nakili yote. Waulize pia wafugaji. Wanajua kisima kipi ngamia hunywa na watu hukataa, na taarifa hiyo itakuonyesha mpaka wa chumvi kabla hujafungua boksi la vifaa.

Usichukue EC kwenye tangi. Maji yaliyolala juani yamevukizwa, na yaliyotiwa klorini yamebadilishwa. Chukua kwenye bomba la kutokea kisimani, pampu ikiwa inafanya kazi.

Tofautisha maji ya juu na ya chini. Mjini Wajir visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono huchota kwenye chokaa iliyo karibu na uso wa ardhi, na huchafuliwa kirahisi na vyoo vya shimo. Akwifa ya Merti iko chini zaidi, na sehemu nyingi maji yake hukutwa baada ya mita 100. Ukichanganya takwimu za viwili hivi kwenye ramani moja, ramani itakudanganya.

Hatua ya 2: Sampuli ya maji inayoaminika

Maji yaliyosimama ndani ya bomba la kisima si maji ya akwifa, lazima yatolewe kwanza. Kisima chenye bomba la kipenyo cha sentimita 15 hubeba karibu lita 17.7 kwa kila mita. Chenye mita 60 za maji kina takriban lita 1,060, na mara tatu yake ni lita 3,180. Pampu ya mita 3 za ujazo kwa saa itahitaji kama saa moja na dakika chache. Baada ya hapo soma EC, pH na halijoto kila dakika tano. Vipimo vitatu mfululizo vikikaa ndani ya asilimia 3 kwa EC, 0.1 kwa pH na nyuzi 0.2 kwa halijoto, jaza chupa.

Kwa kila kisima andaa chupa mbili za plastiki ngumu za mililita 250 hadi 500, na moja ndogo ya mililita 50 kwa isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti). Chupa ya kwanza ni ya kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu na metali: chuja maji kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha tia asidi safi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Chupa ya pili ni ya kloridi, salfeti, naitreti, floraidi na bromidi: chuja, usitie asidi. Ukitia asidi ya nitriki humo, maabara itakurudishia naitreti uliyoiweka mwenyewe. Chupa ya isotopu haichujwi wala haitiwi asidi. Ijaze hadi mdomoni, ifunge isibaki hata povu moja la hewa, kisha izungushie utepe kifunikoni. Kwenye joto la nyuzi 38, chupa iliyolegea huvukiza kidogo tu na tayari isotopu zimeharibika.

Suuza kila chupa mara tatu kwa maji yaleyale yaliyochujwa, isipokuwa kama maabara imeshaweka asidi ndani. Ziweke kwenye kasha la barafu, karibu nyuzi 4. Naitreti haipendi kusubiri, basi panga usafiri ifike maabara ndani ya saa 48.

Bikaboneti ipime palepale kisimani kwa kudondosha asidi hadi pH 4.5. Maji ya ardhini hubeba hewa ukaa nyingi. Yakifunguliwa hewa hiyo hutoka, pH hupanda na chokaa huganda kwenye kuta za chupa. Matokeo ya maabara wiki moja baadaye yatakuwa ya maji mengine.

Hatua ya 3: Kagua maabara kabla ya kutafsiri

Geuza miligramu kuwa milikwivalenti, yaani kipimo kinachohesabu chaji ya kila ioni. Gawanya kalsiamu kwa 20.04, magnesiamu 12.15, sodiamu 22.99, potasiamu 39.10, bikaboneti 61.02, kloridi 35.45, salfeti 48.03 na naitreti 62.00. Jumla ya ioni chanya na ya ioni hasi zinapaswa kulingana.

Tuchukue maji yenye sodiamu miligramu 230 kwa lita, kalsiamu 40, magnesiamu 24 na potasiamu 8: jumla ni 14.18. Upande wa pili bikaboneti 427, kloridi 160, salfeti 96 na naitreti 12: jumla ni 13.70. Tofauti ni 0.48 kwa jumla ya 27.88, yaani asilimia 1.7. Hadi asilimia 5 ni vizuri, kati ya 5 na 10 itumie kwa tahadhari, zaidi ya hapo irudishe. Kisha zidisha jumla ya ioni chanya kwa 100: unapata 1,418, ambayo inapaswa kukaribia EC uliyoisoma kisimani. Kama uliandika 2,100, kuna ioni haikupimwa, au chupa zimebadilishana majina.

Hatua ya 4: Vifaa na mpango wa nyaya

Kwa kina cha mita 100 hadi 200, njia ya Schlumberger bado ndiyo inayofaa zaidi kwa gharama na uhakika. Vigingi vinne hukaa kwenye mstari mmoja: A na B vya mkondo nje, M na N vya volteji katikati. Unapanua A na B, na umeme unashuka chini zaidi. Kina unachokiona ni karibu nusu hadi theluthi moja ya AB/2, kwa hiyo ukitaka mita 200 panga kufika AB/2 ya mita 500. Mstari mzima ni kilomita moja.

Beba mashine ya ukinzani yenye uwezo wa angalau volti 400, betri mbili za volti 12, vigingi vya chuma kisichoshika kutu vya sentimita 60 hadi 100 (visipungue 12), nyundo nne, bobini mbili za waya wa mita 500 na mbili fupi, multimita, utepe wa kupimia, redio za mawasiliano, jerikeni za maji na chumvi. Timu ni ya watu watano au sita.

Umbali wa AB/2 unaotumika sana ni 1.6, 2, 2.5, 3.2, 4, 5, 6.3, 8, 10, 13, 16, 20, 25, 32, 40, 50, 63, 80, 100, 130, 160, 200, 250, 320, 400 na 500. MN isizidi moja ya tano ya AB. Anza na MN/2 ya 0.3, ongeza hadi 5 au 10, kisha 25 au 50. Kila unapobadilisha MN, rudia vituo viwili vya AB kwa MN zote mbili ili uone kama mikondo ya grafu inaungana.

Mstari uende sambamba na laga (mto wa msimu), usiikate: mchanga mkavu wa laga na kingo zake za mfinyanzi zitachora kwenye grafu matabaka ambayo hayapo. Kaa mbali na bomba la chuma, uzio wa waya na nguzo za umeme. Ikibidi kuvikaribia, vikate kwa pembe ya nyuzi 90.

Hatua ya 5: Kupima

Adui mkubwa jangwani ni mchanga mkavu wa juu. Kigingi kinagusa hewa kuliko ardhi, na mkondo haupiti. Mashine ikionyesha ukinzani wa mguso chini ya ohm 2,000, endelea. Ukizidi 5,000, acha kusoma na urekebishe. Koroga nusu kilo ya chumvi kwenye jerikeni ya lita 20. Chimba shimo dogo la kina cha kiganja, pigilia kigingi ndani yake, mwaga lita moja hadi mbili, rudisha mchanga na ushindilie kwa mguu, ukisubiri dakika kumi. Bado ni juu? Pigilia vigingi vitatu hadi vitano vikiachana mita moja, vikikata mstari kwa pembe ya nyuzi 90, viunganishe kwa waya, kila kimoja na maji yake. Tope la mfinyanzi lililochanganywa na maji ya chumvi hukaa na unyevu kuliko maji matupu. Kwenye M na N tumia maji ya kawaida, na kwa kiasi. Katika vituo vya mwanzo, ambapo AB/2 haijafika mita 2, kigingi kisizame zaidi ya sentimita 8, la sivyo si nukta tena na hesabu inakosea.

Hesabu ya kila kituo ni K = π × [(AB/2)² − (MN/2)²] ÷ MN, kisha ukinzani = K × volteji ÷ mkondo. Kwa AB/2 ya 100 na MN/2 ya 10, K ni 1,555. Ukipata milivolti 3.1 kwa miliampia 250, jibu ni 19.3 ohm-mita. Chora grafu ya logi palepale chini ya mwavuli. Nukta iliyoruka nje ya mkondo utaisahihisha kwa dakika tano ukiwa bado uwanjani, ukisharudi mjini itabaki hivyo.

Mbali zaidi, ishara inakuwa ndogo mno. Kwa AB/2 ya 500, MN/2 ya 25 na ardhi ya 8 ohm-mita, miliampia 200 zitakupa milivolti 0.1 tu, ambayo kelele za ardhi huimeza. Panua MN/2 hadi 50 na upandishe mkondo hadi miliampia 500, upate karibu milivolti 0.5. Acha mashine irudie kipimo mara 16 na itoe wastani. Tofauti kati ya marudio ikizidi asilimia 5, tafuta sababu.

Sababu ya kawaida ni waya uliochubuliwa na miiba, unaovujisha mkondo kwenye umande au kwenye maji yaliyomwagika. Ng'oa A kutoka kwenye kigingi, weka ncha yake hewani, kisha jaribu kupitisha mkondo. Ukipita, waya unavuja. Jaribio la pili ni kubadilishana nafasi: mkondo upite M na N, volteji isomwe A na B. Jibu linapaswa kuwa lilelile.

Volti 400 zinaua. Mtu wa mashine asibonyeze kitufe mpaka kila mshika kigingi aseme kwa redio kwamba amejitenga na waya na kigingi, na mtu mmoja kazi yake iwe kuzuia watoto na mifugo wasikaribie waya. Mbuzi hufuata maji yaliyomwagwa, tena yakiwa na chumvi hawazuiliki.

Kama mashine yako inapima pia uhifadhi wa chaji, itumie. Mfinyanzi hushika chaji kwa muda mfupi baada ya mkondo kukatwa, ilhali mchanga wenye maji ya chumvi hushika kidogo sana. Si hukumu ya mwisho, lakini tabaka la 6 ohm-mita lenye chaji kubwa tunaliamini kuwa mfinyanzi kuliko lisilo nayo.

Hatua ya 6: Kuoanisha umeme na kemia

Kipimo cha kwanza kabisa kifanye kando ya kisima ambacho matabaka na maji yake unayajua. Hapo unatafuta kizidishi cha eneo hilo, usitegemee cha vitabuni. Kumbuka joto. Mita ya EC husahihisha hadi nyuzi 25, lakini maji yaliyo chini yana joto lake, na EC hupanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi. Maji ya EC 1,500 yenye nyuzi 36 kule chini yana EC halisi ya 1,830, ukinzani wake ni 5.5 na si 6.7. Kwa kizidishi cha 4, mchanga utasoma 22 na si 27. Ukisahau hili utaona chumvi mahali pasipo nayo.

Programu ya kutafsiri itakupa matabaka safi na namba zenye desimali mbili. Usizisadiki zote. Tabaka la mita 20 lenye 4 ohm-mita na la mita 40 lenye 8 hutoa grafu ileile. Tabaka jembamba lililo chini sana halionekani kabisa. Funga unene au ukinzani kwa taarifa ya kisima cha jirani, kisha acha programu itafute kilichobaki.

Chukua mfano wa matokeo haya: mchanga mkavu wa 180 ohm-mita hadi mita 2, chokaa ya 60 hadi mita 15, tabaka la 6 hadi mita 70, la 24 hadi mita 160, kisha 5 kuendelea chini. Kisima cha jirani kina maji ya EC 1,500 kwa nyuzi 36, hivyo 24 inalingana na mchanga wenye maji kama hayo. La 6 liko juu ya usawa wa maji, haliwezi kuwa mchanga wa maji ya chumvi, ni mfinyanzi. La 5 chini ya mita 160 linabaki na majibu mawili, na kwa kuwa uko karibu na pembe za akwifa, lichukulie kuwa chumvi. Shauri uchimbaji uishie mita 150.

Kemia ndiyo inayosema chumvi imetoka wapi na kama itakufuata. Kloridi ikipanda pamoja na sodiamu kwa uwiano wa karibu 1 kwa 1 wa moli, na uwiano wa uzito wa kloridi kwa bromidi ukipita 1,000, chumvi ya mawe inayeyuka ndani ya matabaka. Bahari ina uwiano wa karibu 290. Sodiamu ikizidi kloridi na bikaboneti ikitawala, mfinyanzi umechukua kalsiamu na kutoa sodiamu. Hapo angalia floraidi kwa makini, kwa sababu kalsiamu ndiyo huizuia isipande. Maji laini yasiyo na ladha mbaya yanaweza kuwa na floraidi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na kuharibu meno ya kizazi kizima.

Isotopu za oksijeni-18 na deuteria (hidrojeni nzito) hutenganisha chumvi ya uvukizi na ya kuyeyuka. Mvua duniani hufuata mstari wenye mteremko wa 8. Maji yaliyovukizwa hutoka kwenye mstari huo kwa mteremko wa 4 hadi 6. Chumvi ikiongezeka huku isotopu zikibaki kwenye mstari, basi uvukizi si sababu. Tritiamu, hidrojeni yenye mnururisho na nusu-maisha ya miaka 12.3, ikionekana, kuna maji yaliyoingia baada ya miaka ya 1950. Isipoonekana, pima kaboni-14, ukikumbuka kwamba chokaa huongeza kaboni ya kale na kuyafanya maji yaonekane mazee kuliko yalivyo.

Hatua ya 7: Kisima cha majaribio

Kenya, kibali cha kuchimba hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), nayo hutaka ripoti ya mtaalamu aliyesajiliwa. Ndani ya ripoti hiyo andika kina ambacho uchimbaji usikipite, si kina cha kufikia tu.

Mchimbaji akusanye udongo kila mita 2 na apime EC ya maji yanayotoka kila anapoongeza bomba. EC ikiruka ghafla, simamisha. Kabla ya kuweka mabomba, pitisha kifaa cha kupima ukinzani ndani ya shimo, kwa kuwa ndicho kitakachoonyesha mahali halisi mchanga unapoanza na kuisha, na hapo tu ndipo mabomba yenye matundu yawekwe. Matabaka ya chumvi yaliyo juu yazibwe kwa saruji nyuma ya bomba.

Kwenye jaribio la kusukuma la saa 24, chukua EC katika dakika 10, saa 1, 3, 6, 12 na 24, na sampuli kamili mwanzoni na mwishoni. EC ikitulia, andika kiasi hicho cha maji kuwa kinachofaa. Ikipanda taratibu bila kutulia, chumvi ya chini inavutwa juu: punguza kasi kwa theluthi moja, acha kisima kipumzike hadi maji yarudi kwenye usawa wake, kisha urudie jaribio. Ikiendelea kupanda hata kwa kasi ndogo, ziba mita 10 hadi 20 za chini kwa saruji na ujaribu tena kabla ya kununua pampu.